Mawingu yakiongezeka Aktiki, barafu itapona?

SWALI: Dokta, kuna jamaa kwenye klipu anasema dawa ya barafu ya Aktiki kuyeyuka ni kutengeneza mawingu mengi yaikinge na jua, na anauza kozi ya hayo mambo. Mbona hawafanyi? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hiyo klipu nimetumiwa mpaka nimechoka. Shida yote iko kwenye hilo neno "yaikinge". Watu wameshika kwamba wingu ni mwavuli basi, kumbe ni blanketi pia, na kule Aktiki, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, sehemu kubwa ya mwaka ni blanketi tu, maana winter jua halichomozi kwa wiki au miezi sasa utakinga nini? Na hata likiwaka, theluji mpya yenyewe inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, mwavuli mweupe juu ya kitu cheupe hauongezi kitu cha maana.

Wewe uko Nakuru, waulize wakulima wa Kinangop. Usiku nyota zimejaa, asubuhi sakitu imechoma viazi, usiku wa mawingu viazi viko sawa. Ardhi inatoa joto, wingu linalirudisha chini. 1997 hadi 1998 wanasayansi waliacha meli igandie makusudi kwenye barafu ya bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, wakaelea nayo karibu mwaka mzima wakipima, anga likiwa wazi barafu ilipoteza kama wati 40 kila mita mraba, likija wingu la chini lenye matone ya maji, sio la chembe za barafu, hasara inakaribia sifuri. Mwavuli ulishinda blanketi kwa muda mfupi tu katikati ya kiangazi.

Halafu kuna Greenland, Julai 2012. Karibu uso wote wa barafu uliyeyuka, hadi kule juu mita 3,200. Hewa ya joto iliingia ndio, lakini mawingu membamba ya chini yakamalizia kazi, mepesi kiasi cha kupitisha jua na mazito kiasi cha kunasa joto. Hayo ndo jamaa anataka kuongeza!

Yaani mtu yeyote akikwambia mawingu yanapoza, au yanapasha, bila kusema wapi, mwezi gani na chini yake kuna theluji nyeupe au maji meusi ya bahari yasiyo na barafu, huyo anauza kitu. Huyo wako muulize wingu lake ni la maji au la barafu. Akisema lipia kwanza utajibiwa ndani ya kozi, mblock.