Rob Burrow alikaa Leeds, lakini kijana wetu aende

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mchezaji anayekaa klabu moja tangu ujana hadi kustaafu, ni mwaminifu au anaogopa kujaribu kwingine? Najua mlikuwa mnawaza kandanda, na barua nyingi zitawajia na mambo ya klabu zetu za Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe). Mimi naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na huku ukiuliza swali hilo utajibiwa kwa jina moja: Rob Burrow. Kumwita mtu yule mwoga ni kumkosea heshima.

Burrow alicheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, si hii ya 15 wala ya saba tunayoifuata uwanja wa RFUEA, Nairobi. Timu ikiwa na mpira inaangushwa mara sita tu, kisha zamu inakuwa ya wengine, kwa hiyo watu wanagongana mfululizo dakika 80. Kimo chake kilikuwa sentimita 165, na waliomkabili wengi walikuwa na kilo 100 au zaidi. Aliichezea Leeds Rhinos kuanzia 2001 hadi 2017, mechi 492, akatwaa ubingwa wa Super League, ligi kuu ya mchezo huo, mara 8. Katika raga ya kulipwa hakuwahi kuvaa jezi ya klabu nyingine.

Nikitaka kumweleza mtu habari zake huanza na fainali ya Super League ya tarehe 8 Oktoba 2011, uwanja wa Old Trafford, Manchester, dhidi ya St Helens. Bingwa hupatikana kwa mtoano baada ya ligi; msimu ule Leeds walimaliza wa tano kwenye ligi, na hakuna timu iliyokuwa imetwaa taji kutoka nafasi hiyo. Burrow aliwekwa benchi. Kipindi cha kwanza kikiendelea akaingizwa, na muda si muda akauokota mpira nyuma ya mwenzake aliyekuwa ameangushwa, mbali kabisa na mstari wa trai, ule ambao ukiuweka mpira chini nyuma yake unapata pointi. Kawaida mtu akiwa pale anatoa pasi. Yeye alikimbia. Mlinzi wa kwanza akarusha mkono kumdaka kifuani, na kifua hakikuwapo: Burrow alikuwa ameinama akapita chini ya ule mkono, magoti yakikaribia kugusa nyasi, bila kupunguza mwendo. Aliponyooka alikuwa ameshawaacha nyuma. Akabaki beki wa mwisho, amesimama vizuri, anamsubiri. Burrow akamwonyesha njia moja akapita nyingine, na yule beki akabaki anageuka. Trai.

Mzee mwenye nyumba niliyopanga, shabiki wa Leeds tangu utotoni, anayo mechi ile yote. Kila tukiitazama anaisimamisha pale pale kwenye ule mkono, anainuka kitini na kupima kwa kiganja chake, usawa wa tumbo, mahali kichwa cha Burrow kilipopita. Kisha anarudisha nyuma tuone tena. Nami sijawahi kumwambia inatosha.

Mapumziko yalifika Leeds wakiongoza 8-2. Baadaye St Helens wakageuza mambo, 16-8, na ikaonekana basi. Burrow akatoboa ukuta wao tena, mwenzake Ben Jones-Bishop akamalizia, na Leeds wakafunga pointi 24 bila kujibiwa. Ikaisha 32-16. Waandishi wakampa Burrow tuzo ya mchezaji bora wa fainali, aliyokuwa ameshaipata pia 2007. Huyo ndiye mtu aliyeanzia benchi.

Na hapa ndipo ninapoanza kusita, mhariri. Miaka ile ya mwisho alianzia benchi mara nyingi, mtu ambaye kwingine angekabidhiwa timu nzima. Alivumilia, na tunamsifu kwa kuvumilia. Lakini klabu yake ilikuwa inashinda, na kuvumilia kwenye klabu inayobeba makombe si sawa na kuvumilia kwenye klabu inayoshuka daraja.

Tena kuna Kevin Sinfield. Alikuwa nahodha wake wa miaka mingi, na 2015 aliondoka Leeds Rhinos, akahamia hata mchezo mwenyewe, raga ya 15. Desemba 2019 Burrow aligunduliwa ana ugonjwa wa neva za misuli, ule unaomaliza nguvu za viungo, sauti na pumzi. Mwaka uliofuata Sinfield alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 akachangisha zaidi ya pauni milioni 2 za kupambana na ugonjwa huo. Mei 2023, kwenye marathoni ya Leeds, alimsukuma Burrow kwenye kiti cha magurudumu njia nzima, akasimama hatua chache kabla ya mwisho, akamnyanyua mikononi na kuvuka naye mstari. Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, na kesho yake ujenzi wa kituo cha wagonjwa chenye jina lake ulizinduliwa hapa mjini.

Aliyekaa na aliyeondoka, nani kati yao alikuwa mwaminifu zaidi? Siwezi kusema. Ndiyo maana jibu langu limekuwa tofauti na nililokaa kuliandika. Kijana wetu akipata ofa nzuri, aende. Asizuiwe kwa maneno ya uaminifu na viongozi wanaomdai moyo huku wao wana deni lake la mishahara ya miezi. Naye akienda, ajue simu za wenzake aliowaacha zitakuja siku moja, azipokee. Ila kama klabu inamlipa kwa wakati, kocha anamwamini, na wenzake ni watu wa aina ya Sinfield, hapo ningemwambia afikirie mara mbili kabla ya kutia sahihi kwingine. Na nikiri klabu za namna hiyo ni chache, hata huku Uingereza.