Nimesema ni bawasiri

SWALI: Shangazi shikamoo. Nauza mitumba hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina miaka 24, mpenzi ninaye ila ni mwanaume mwenzangu na mtaani hakuna anayejua. Wiki mbili sasa nina kidonda huku nyuma, hakiumi, nikaenda duka la dawa nikasema ni bawasiri nikapewa krimu. Zahanati ya karibu siwezi, nesi wa pale tunasali naye jumuiya moja, na rafiki yangu alipima Ukimwi hapo, siku ya tatu mtaa mzima una majibu yake. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo krimu weka pembeni. Kidonda kisichouma ndo kinanitisha, maana kaswende huanza hivyohivyo, na ubaya wake kinapona chenyewe baada ya wiki kadhaa, mtu anasifia krimu kumbe ugonjwa bado uko kwenye damu unatembea. Wanatoa damu kidogo wanapima, ikiwahiwa tiba ni sindano ya penisilini.

Siku hiyohiyo pima na Ukimwi. Huku kwetu tusidanganyane, utafiti wa taifa wa 2022-23 ulikuta Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, nchi nzima 4.4, na hapo ni watu wazima wote, wenye ndoa zao na wazee wa kanisa humohumo. Ukikutwa huna, ulizia prepu, vile vidonge vya kujikinga kabla, ila kaswende havizuii, kondomu iwepo.

Sasa huyo nesi. Panda Kosta nenda hata Tukuyu ambako hawakujui, ukiwa na daktari peke yenu mwambie "kidonda kiko sehemu ya haja kubwa", ukisema bawasiri atakupa krimu nyingine. Anachotaka kujua ni kilipo, jina la mtu halimhusu. Na Sheria ya Ukimwi ya 2008 inamtaka anayekupima atunze siri ya majibu, aliyemtangaza rafiki yako ndo mkosaji. Ila kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza wanaume kulala pamoja, nacho kipo, adhabu inafika kifungo cha maisha, kwa hiyo sikwambii ukajieleze kaunta. Vile vituo vya afya vya wenzako, wanaume wenye wapenzi wanaume, serikali ilitangaza kuvifunga 40 mwaka 2017, ndo maana nakupeleka hospitali ya kawaida.

Mwenzio naye apime, kama mnaogopa kuonekana pamoja aende siku yake, na mpaka wote mmalize dawa na daktari awaruhusu msigusane, la sivyo mtakuwa mnarudishiana tu.