Maswali ya Wasomaji: Thamostati Imeondolewa, Gari Bado Linachemsha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, mkazi wa Isevya hapa Tabora. Marehemu baba alituachia Toyota Corolla 110 iliyotengenezwa mwaka 1998, nasi tunaitumia kumpeleka mama kliniki na kusafiri kwenda Nzega kwa ndugu. Tukiwa mjini gari halisumbui, lakini tukishika barabara kuu mshale wa joto hupanda kabla hatujafika Puge. Fundi aliondoa thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto, akatueleza kwamba nchi za joto haziihitaji. Tangu siku hiyo gari linakunywa mafuta mengi zaidi na bado linachemsha. Wadogo zangu wanataka tuliuze. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Mwalimu, nakupa pole, na nakushukuru kwa kueleza jambo lako kwa ukamilifu, kwani kule kusema kwamba gari huchemsha barabarani na si mjini kumenipunguzia kazi kubwa ya kubahatisha.

Nianze na thamostati, kwa sababu ushauri mliopewa umeenea sana katika gereji zetu na umeharibu injini nyingi. Kifaa hicho hakikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani peke yake. Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto maalumu, na inapobaki baridi kwa muda mrefu, kompyuta yake huendelea kuiongezea petroli kana kwamba imewashwa sasa hivi. Hapo ndipo mafuta yenu yanapopotelea. Zaidi ya hayo, thamostati ya injini za aina hiyo ina vali mbili: moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, yaani kipozeo cha maji kilicho mbele ya injini, na nyingine, kwa wakati uleule, hufunga njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi kwenye injini bila kupozwa. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humo humo. Kwa hiyo fundi amepunguza uwezo wa gari kujipoza, ingawa nia yake ilikuwa njema.

Nunueni nyingine, na kabla ya kuifunga ipimeni nyumbani. Itazameni ukingoni, mtaona tarakimu zimegongwa kwenye chuma, kwa kawaida 82, yaani nyuzijoto inapoanza kufunguka. Ining'inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo, kisahani cha katikati kitasogea polepole mpaka mwanya uonekane. Mkiitoa na kuiacha ipoe, kitarudi na kuziba. Isiyofunguka irudisheni dukani.

Chanzo chenyewe cha kuchemsha, kwa maelezo yako, nakiona kwenye rejeta. Gari lenye feni mbovu huchemsha likiwa kwenye foleni au likienda taratibu, kwa sababu hakuna upepo. Lenu linachemsha likiwa na upepo wa kutosha, maana yake maji hayapiti vizuri. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungueni mfuniko wa rejeta mtazame ndani. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu, matokeo ya miaka mingi ya kujaza maji ya kisima au ya bomba, ambayo huacha pia magadi kwenye vile vijia vyembamba. Mpelekeeni fundi rejeta aizibue, kisha jazeni kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Kulanti ni sumu yenye utamu. Isiachwe mahali ambapo watoto au mbwa wanaweza kuifikia.

Mfuniko nao msiudharau. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka yakifikia nyuzijoto 96 hivi. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9, ambayo ni kipimo cha shinikizo, hubana mvuke na kukipandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzijoto 20. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote inatoweka, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na silinda hedi (kichwa cha injini) ya alumini iliyopinda kwa joto.

Kabla ya kutumia fedha hizo, hakikisheni kwanza kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na injini, ni nzima: oili isiwe na rangi ya chai ya maziwa, wala vipovu visitoke mfululizo kwenye rejeta injini inaponguruma. Ikiwa nzima, sioni sababu ya kuliuza gari hilo, kwani spea zake zinapatikana na mafundi wengi wanalijua.

Mkimaliza, endesheni mpaka Puge tu, zimeni injini, isubirini ipoe, kisha angalieni kiasi cha maji kwenye kichupa cha akiba kabla ya kuendelea na safari ya Nzega.