Maneno 800 daftarini, ulimi bado mzito

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 24, nilimaliza kidato cha nne na sasa nahudumu kwenye mgahawa hapa Arusha. Wateja wengi ni watalii. Nina daftari lenye maneno zaidi ya 800 ya Kiingereza na maana zake, yote nimeyakariri, na tensi zote 12 nazijua kwa majina. Lakini mgeni akinisemesha, maneno hayaji. Juzi nilimuuliza mmoja, "Are you hearing hunger?" akabaki ananitazama. Niongeze maneno yafike 1,500 au nirudie tensi? Kuna kozi ya siku 21 inatangazwa WhatsApp kwa shilingi 50,000, na cheti wanatoa. Nijiunge?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usiongeze neno hata moja.

Daftari kama lako nimeletewa mara nyingi mno. Kuna mstari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na mahali fulani pameandikwa "hear = sikia". Njaa yako ilianzia hapo.

Sikia yetu inabeba mizigo mingi. Nasikia muziki, hiyo kweli ni *hear*. Nasikia njaa ni *I'm hungry*, na *hear* haimo kabisa. Nasikia harufu ni *smell*, nasikia maumivu ni *feel*. Piga ndiyo usiseme. Aliyeandika "beat = piga" akafunga daftari atapiga simu, pasi, picha na mswaki kwa *beat* hiyo hiyo, wakati wenye lugha wanasema *make a call*, *iron*, *take a photo*, *brush your teeth*. Au chukua azima: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" kwetu ni neno moja, kwao anayetoa ana *lend* na anayepokea ana *borrow*. Hata umri wako, ukiutafsiri kipande kwa kipande, utasema *I have 24 years*, na miaka haimilikiwi hivyo kwa Kiingereza. Ni *I'm 24*, basi.

Nasahihisha makosa ya sarufi kila siku wala sichoki. Kinachonichosha ni hii imani kwamba kila neno la Kiswahili lina pacha wake mmoja upande wa pili, anasubiri tu kukaririwa.

Wingi wa maneno ungekuwa dawa, C. K. Ogden asingepoteza muda kuyapunguza. Mwingereza huyu mwaka 1930 alitoa orodha ya maneno 850 tu ambayo kwa maoni yake yangetosha kwa shughuli za kawaida, na vitenzi vyake vilikuwa 18: *come*, *get*, *give*, *go*, *put*, *take* na wenzao. Bila shaka vyote unavyo daftarini. Shughuli iko kwenye vinavyoshikana navyo. *Take a seat*, *take your time*, *take an order*, *take away*: hapo mgahawani *take* imeshafanya kazi nne kabla ya saa sita mchana, na daftari lako bado linasema "chukua".

Kwa hiyo kata manila iwe kadi ndogo, na kila kadi iandike sentensi nzima inayosemwa kazini kwako. *Would you like some water?* Ikishakaa mdomoni, badili mwisho wake tu: *some tea*, *some more rice*, *the bill*. Kadi kumi kwa wiki zinatosha. Zichanganye kila siku, maana daftarini neno la 14 unalikumbuka kwa sababu linafuata la 13, na mgeni haulizi kwa mpangilio wa daftari. Kadi ya leo irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushika kuliko mengi ya mkupuo mmoja. Mpaka leo watu wanakesha na daftari.

Tensi 12? Zile za *will have been cooking* ziache zipumzike. Kazini kwako zinatosha nne: ya kawaida, inayoendelea, iliyopita na ijayo. Inayotusumbua zaidi ni ya kawaida na inayoendelea, kwa kuwa -na- yetu inabeba zote mbili. "Mpishi anapika samaki" inaweza kuwa *is cooking*, yaani sasa hivi yuko jikoni, au *cooks*, yaani ndiyo kazi yake. Ukisita, jaribu hu-. Kama "hupika" inakaa vizuri na maana haijabadilika, sema *cooks*, na ile *s* usiiache jikoni. *He* na *she* utazichanganya kwa muda kwa sababu "yeye" haina mke wala mume. Si kosa la kukukosesha usingizi.

Sasa hiyo kozi. Cambridge, ambao kutahini Kiingereza ni kazi yao, hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili anayeanza afike ngazi ya A2, yaani aweze mazungumzo mepesi ya kila siku. Gawa kwa siku 21: ni saa tisa kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili. Huyo wa WhatsApp atakutumia sauti za dakika tano na faili la maneno, yaani daftari lako lile lile kwa shilingi 50,000. Cheti chake hakuna meneja wa hoteli atakayekitazama, atakusemesha tu.

Nimeyaona mafaili hayo. Matamshi wanayaandika kwa Kiswahili, *vegetable* inakuwa "vejitebo", na *ship* na *sheep* zote "ship". Sisi tuna irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi. Ukiyaandika hivyo umezizima kabla hujazisikia. Sikiliza BBC bure kwenye simu, rudia sentensi kwa sauti, hata konda wa kwenye daladala akikushangaa. Na wazazi wanaopiga marufuku Kiswahili nyumbani, huku Kiingereza cha nyumba nzima kikiishia *come* na *eat*, wananunua dawa ya muuzaji yule yule. Mtoto anabaki na amri mbili za Kiingereza, na hadithi za bibi hazisikii tena.

Kuhusu yule mgeni, *Are you hungry?* ndiyo sentensi uliyoikusudia. Lakini mhudumu haulizi hivyo, mtu ameshakaa mezani. Andika kadi ya *Are you ready to order?*