Neema, kuhusu timu ya riadha

Mwanangu Neema,

Umeuliza uingie timu ya riadha ya chuo muhula huu au usubiri mpaka umalize mwaka wa kwanza, maana wenzako wa hosteli ya Mabibo wanakwambia mkimbiaji lazima aishie kwenye sapu, yaani kurudia mtihani alioufeli. Ingia. Ila wenzako hawajatunga. Wanamichezo wanaokamatwa na sapu wapo, na wengi wao walianza kuharibu kwenye kozi weki, yaani alama za testi na kazi za muhula, zamani kabla ya mtihani wenyewe.

Tuanze na saa. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ya kozi ni saa 10 za kazi: mihadhara, semina na kujisomea humo humo. Krediti 60 za muhula ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata 40 kwa wiki. Mazoezi mara tano, saa mbili mbili, ni 10. Kulala saa nane kila usiku ni 56. Jumla 106, na wiki ina 168. Muda upo, hata ukitoa foleni ya daladala, kufua, na soga za vimbwetani, kwenye yale mabenchi ya zege.

Tatizo ni uchovu kuangukia siku mbaya. Kwa mbio zako za mita 800, siku za kasi ndizo zinazommaliza mtu, na uchovu wake huweza kukufuata hadi kesho yake. Zipange mbili tu kwa wiki, na kila moja ifuatiwe na siku yenye mihadhara michache. Usiku wa kuamkia testi kimbia dakika 30 taratibu, au pumzika kabisa. Mweleze kocha ratiba yako ya testi mapema. Kocha asiyejua atakupangia mizunguko kama kawaida, na hapo kosa si lake.

Sasa hiyo kozi weki. Kozi nyingi zina alama 40 za kozi weki na 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Tuseme unataka B+, yaani 60. Ukiingia UE na 28, unahitaji 32 kati ya 60, zaidi kidogo ya nusu. Ukiingia na 16, unahitaji 44, karibu robo tatu ya mtihani mzima, na huo ni mlima. Testi moja uliyokosa kwa sababu ulikuwa safarini na timu inatosha kukushusha hivyo. Kwa hiyo barua ya ruhusa itoke kabla ya safari, imfikie mhadhiri wa kila kozi inayoguswa, na wewe ubaki na nakala iliyopokelewa. Ruhusa ya mdomo ya kwenye korido haina shahidi. Mashindano yakigongana na UE, baki chuoni, hata kocha akinuna.

Utasikia wakimtaja Suleiman Nyambui, aliyechukua fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 akiwa mwanafunzi Marekani, kule Texas. Ni fahari yetu, lakini vyuo vya kule humlipia mwanariadha masomo ili akimbie. Wewe hapa unakimbia kwa kupenda, na mkopo unakusubiri uulipe.

Jua la Dar unalijua, unyevu ndio watu wanaousahau. Hewa ikishiba maji jasho halikauki, na lisipokauka mwili haupoi. Kimbia saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, nawe unywe lita moja na nusu, kidogo kidogo. Chakula hakina siri: maharage, dagaa, mayai, na usiruke cha asubuhi. Ila bumu, hela yako ya kujikimu ya mkopo, likichelewa usije ukafanya mazoezi ya kasi kwa chai kavu. Siku hizo punguza mbio.

Jambo linalowatoa wengi kwenye timu ni maumivu ya ugoko, mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti. Mtu anatoka likizo hajakimbia, wiki ya kwanza anakimbia lami kila siku, wiki ya tatu anachechemea. Ongeza umbali kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kimbilia nyasi au udongo kila unapoweza. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa: maumivu yakisambaa sehemu ndefu, mara nyingi mapumziko na barafu vinatosha, yakijikusanya sehemu moja ndogo, tena yakiuma hata umelala, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia na nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Raba za mitumba za soko la Karume zinafaa, ukijua kuchagua. Bonyeza sponji ya pembeni, juu ya soli, kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi, imekwisha hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiinamia upande mmoja, irudishe. Vaa na soksi utakazokimbilia, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa kuwa mguu huvimba ukikimbia. Ukizipata niambie bei, nikutumie kwa simu kabla bumu halijaingia.

Baba yako