Barua kwa mwanangu: hita isiyozimika

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema hita ya ile Hiace haizimiki: feni umezima, kishikio umekisukuma hadi kwenye rangi ya buluu, na bado miguu inaungua, watoto unaowapeleka shule wanavua sweta Julai hii yenye baridi. Fundi naye anataka kushusha dashibodi yote. Unaniuliza umruhusu au la. Usimruhusu bado.

Kwa kusema feni imezimwa na joto bado lipo, umenipa nusu ya jibu. Hita haina moto wake. Maji moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hewa juu yake. Kama feni ndiyo ingekataa kuzimika, tungeshuku swichi au rilei, yaani kile kiswichi kinachopeleka umeme kwenye feni. Kwako wewe ni maji yanayopita wakati hayatakiwi. Mara nyingi kinachoyazuia ni valvu ndogo inayovutwa na kebo kutoka kwenye kile kishikio. Gari likizeeka, kebo huchomoka kwenye klipu yake, au valvu hushikwa na kutu, hasa kwa gari lililojazwa maji ya mfereji miaka mingi badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, inua kiti uzifuate zile paipu mbili za raba zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye dashibodi, mpaka uione valvu. Mtu akisukuma kishikio huku na huku, wewe tazama mkono wa valvu. Usipocheza, angalia kebo: huenda ni klipu tu imefunguka, na hiyo utairudisha kwa koleo. Kebo ikivuta na mkono ukakataa, valvu imekwama. Ifungue, uende nayo mkononi kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road wakulinganishie nyingine.

Valvu ikifunga vizuri na joto likabaki, chunguza raba za kifuniko cha injini. Injini yako iko chini ya kiti, na raba zikichakaa joto lake hupanda moja kwa moja kwenye miguu. Kama gari lina hita ya nyuma, hiyo ina paipu zake.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kabla ya kufunga chochote, utazame mshale wa joto kwa siku nzima ya kazi. Sisi madereva wa zamani tulikuwa tunafungua hita makusudi mlimani ili kuipunguzia injini joto. Ikiwa mshale wako hupanda panda, basi hita hiyo imekuwa ikikuokoa bila wewe kujua, na ukiifunga utachemsha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria huko huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kwenye rejeta ni mgandamizo wa kifuniko unaoyazuia, kwa hiyo kifuniko chenye raba mbovu kibadilishe. Na usikifungue injini ikiwa moto, mwanangu. Nakuomba.

Fundi akikwambia atoe thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili "gari lipoe", kataa. Injini itachelewa kupata joto na itakunywea mafuta.

Mimi niliwahi kukaza paipu ya hita kwa waya wa kufungia mbao. Ilikatika nikipanda Rironi usiku, nikiwa na abiria. Ukilazimika kusubiri spea, ni heri fundi aunganishe zile tundu mbili za injini kwa paipu moja nzima yenye klipu mpya, kwa muda tu, kwa sababu asubuhi za ukungu utaihitaji hita kukausha kioo cha mbele.

Mama yako anakusalimu. Jumamosi nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi nije. Gari lako usiliwashe siku hiyo kabla sijafika, nataka kuzishika paipu hizo zikiwa baridi.

Ni mimi,
Baba yako