Picha Imepauka? Usikimbilie Kununua Waya Mwingine wa HDMI

Msomaji mmoja ameandika wiki hii: TV mpya ya inchi 55, deki ya Blu-ray, amplifaya ya spika tano, na picha imepauka kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba. Fundi alimwambia waya ni feki. Akanunua wa pili, wa bei kubwa, picha ikabaki vilevile. Inauma kusoma ujumbe kama huo, maana pesa imekwenda kutibu kidole kisichouma.

Waya wa HDMI hupitisha tarakimu. Ukiwa mbovu utaona vidoto vyeupe vikimeta, picha itakatika na kurudi, au TV itaandika "No Signal". Kuipausha picha nzima kwa usawa, toka kona hadi kona, si tabia ya waya.

Kwanza jua kosa liko upande gani. Weka filamu unayoifahamu kwenye flashi, ichomeke kwenye TV yenyewe, kisha punguza taa na utazame ile mikanda myeusi juu na chini ya picha. Halafu cheza filamu kupitia deki na uitazame tena. Skrini nyingi za LCD huvujisha mwanga kidogo gizani, kwa hiyo usitafute weusi wa masizi; tafuta tofauti kati ya njia hizo mbili. Ikiwa kwa flashi mikanda ni myeusi na kwa deki ni ya rangi ya majivu, TV ni nzima.

Hapo mara nyingi shida ni vyombo viwili kutokubaliana nyeusi inaanzia wapi. Katika tarakimu za mwanga, filamu na matangazo ya TV huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Deki ikituma 16 kwa maana ya nyeusi, na TV ikasubiri 0, basi 16 inaonekana kijivu, na 235 haifiki kwenye weupe kamili. Picha inabanwa katikati, nayo ndiyo inayoitwa imepauka. Deki na TV vikibadilishana nafasi, kosa hugeuka pia: nywele na suti nyeusi huwa donge moja la giza, na kanzu nyeupe hupoteza mikunjo yake.

Kwenye Samsung tafuta "HDMI Black Level": Low ni ya 16 hadi 235, Normal ni ya 0 hadi 255. LG huiita "Black Level", yenye Low na High kwa mpangilio huohuo. PS5, mashine ya michezo ya Sony, ina "RGB Range" ndani ya Screen and Video, chini ya Video Output. Ianze kwenye Automatic, na picha ikikataa kutengemaa weka Limited (16 hadi 235) kwenye PS5 na Low kwenye TV. Kwenye deki ya filamu chagua YCbCr (hutuma mwanga na rangi kila kimoja peke yake) badala ya RGB (hutuma nyekundu, kijani na bluu), kwa kuwa TV karibu zote huipokea kwa hesabu ya 16 bila kuuliza. Ukikuta kipengele hicho cha Black Level kwenye TV kimefifia na hakibonyezeki, usihangaike: kwa kawaida maana yake ni kwamba YCbCr tayari inapita.

Nawasihi sana jambo moja: msitibu mpauko kwa kupandisha "Brightness". Kwenye TV nyingi kitufe hicho huinua nyeusi, hakiongezi mwanga, na picha huzidi kupauka. Mwanga wenyewe uko kwenye "Backlight". Sony za karibuni zimebadili majina: kwao Brightness ndiyo taa, na nyeusi inaitwa Black level. Zima pia kipengele cha kuokoa umeme, maana hupunguza taa bila kukuambia.

Sasa wale wa king'amuzi na waya wa njano. Waya huo mmoja hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, kwa hiyo ukungu kidogo ni wa kawaida. King'amuzi kikiwa na tundu la HDMI, tumia hilo. Lakini picha ikiwa na giza, uliza kama kuna TV ya pili chumbani iliyogawiwa kwa kiunganishi cha Y. Picha hutoka kwenye king'amuzi ikiwa na nguvu ya volti 1, ikitarajia mzigo wa omu 75. Ukifunga TV mbili mzigo unashuka hadi omu 37.5, na kila TV inapata kama volti 0.67 tu. Theluthi nzima imepotea, picha inafifia na wakati mwingine inacheza. Dawa ni kigawanyi chenye umeme wake. Waya mwembamba wa sauti uliovutwa mita kumi kufanya kazi ya waya wa picha nao ni kosa. Nunua ulioandikwa 75 ohm.

Na picha ikija nyeusi na nyeupe kabisa? Aidha waya wa njano umechomekwa kwenye tundu la kijani huku TV ikiwa kwenye Component (njia ya waya tatu za picha), au deki inatoa NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani, kwa TV inayojua PAL tu, mfumo wa huku kwetu. Weka deki kwenye PAL au Auto.

Kwa wenye TV za 4K (zenye nukta nyingi zaidi), kila tundu la HDMI huenda likahitaji kuwashwa: "Input Signal Plus" kwa Samsung, "HDMI Deep Colour" kwa LG, "Enhanced format" kwa Sony. HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, iliingia kwenye HDMI mwaka 2015 na toleo la 2.0a, kwa hiyo amplifaya ya zamani iliyokaa katikati huizuia, na deki hulazimika kuibana picha kuwa ya kawaida. Baadhi huibana vibaya, rangi zikatoka hafifu. Peleka deki moja kwa moja kwenye TV, na sauti irudi kwenye amplifaya kupitia tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti kutoka TV. Utapata Dolby Digital ya chaneli 5.1, ambayo ni sauti iliyobanwa; sauti isiyobanwa ya chaneli hizo inahitaji eARC, toleo jipya la ARC, pande zote mbili.

Mwisho, TV nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Ukirekebisha HDMI 1 kisha ukahamishia deki HDMI 2, kazi inaanza upya, kwa hiyo piga picha za kurasa za menyu kwa simu kabla ya kuhamisha chochote.